"Side arm" kwa Kiswahili: bastola, silaha ndogo ndogo au silaha ya kiunoni?

Anayefasiri habari za vita, hati za historia au manukuu ya filamu hachelewi kukutana na neno la Kiingereza "side arm", ambalo siku hizi huandikwa zaidi likiwa limeunganishwa, "sidearm". Maana yake ya msingi si ngumu. Ni silaha inayovaliwa mwilini, kwa kawaida kiunoni au pajani, ndani ya ala au mkoba wake, ili mwenyewe aichomoe kwa mkono mmoja pale inapohitajika, na wakati mwingine wote mikono yake iwe huru kwa kazi nyingine. Neno halisemi kama ni upanga, jambia, singe au bastola. Linasema inakaa wapi na inabebwaje.

Kiswahili kimeshika njia nyingine. Sisi silaha tunaitaja kwa aina yake, na habari ya ilivyobebwa tunakiachia kitenzi: mtu hujifunga upanga, huvaa jambia, huchomeka bastola. Kwa hiyo hakuna neno moja la kamusi utakalolibandika kila penye "side arm" ukalala usingizi. Yapo maneno kadhaa yanayogombea nafasi hiyo. Mengi yana mahali pake, na moja halina mahali kabisa. Msimamo wangu nautoa mapema: ukiijua silaha yenyewe, itaje kwa jina lake, usipoijua, andika "silaha ya kiunoni", na "silaha ndogo ndogo" usiyaandike kamwe kwa maana hii. Sababu zinafuata, nikianza na hilo la mwisho kwa kuwa ndilo lenye madhara.

"Side arms" na "small arms"

Kwa Kiingereza maneno haya yanakaribiana kwa sauti na kwa maandishi kiasi kwamba hata mhariri mzoefu hupitiwa, hasa anapofanya kazi usiku na habari inasubiriwa. Lakini "small arms" ni istilahi ya udhibiti wa silaha, na mipaka yake imechorwa kwenye meza za Umoja wa Mataifa. Jopo la wataalamu wa serikali lililotoa ripoti mwaka 1997 liliweka mafungu mawili. Silaha ndogo ndogo ni zile zilizoundwa ili zitumiwe na mtu mmoja: rivolva na bastola za kujijaza, raifo ndefu na fupi, bunduki fupi za rashasha, raifo za kivita, na bunduki nyepesi za rashasha. Silaha nyepesi ni zile zinazohitaji watu kadhaa wakishirikiana: bunduki kubwa za rashasha, vyombo vya kubebeka vya kurushia makombora ya kuvunja vifaru au kutungulia ndege, na mota, yaani mizinga midogo ya kubebeka, zenye kipenyo kisichofika milimita 100.

Litazame fungu la kwanza kwa makini. Bastola na rivolva ni sehemu yake ndogo tu. AK-47 imo humo, nayo hakuna mwanajeshi anayeivaa kiunoni. Upande wa pili, upanga wa afisa na jambia la Mwarabu ni "side arms" za asili kabisa, lakini hazimo katika orodha ile. Maneno haya mawili yanakutana kwenye bastola, kisha kila moja linashika njia yake.

Afrika Mashariki tumelizoea zaidi hili la "silaha ndogo ndogo" kwa sababu ya historia yetu. Azimio la Nairobi la Machi 2000 lilihusu kuzagaa kwa silaha ndogo ndogo na silaha nyepesi katika Maziwa Makuu na Pembe ya Afrika. Itifaki ya Nairobi ya 21 Aprili 2004 ikafuata, na baadaye kikaanzishwa kituo cha kanda cha kudhibiti silaha hizo, RECSA, chenye makao yake Nairobi. Kwa miaka yote hiyo redio na magazeti yamesema "silaha ndogo ndogo" kila ilipozungumzwa mifugo iliyoibwa kwa mtutu wa bunduki kaskazini mwa Kenya au wapiganaji waliojisalimisha mashariki mwa Kongo. Msikilizaji wa Goma au wa Turkana akisikia "silaha ndogo ndogo", anaona bunduki. Hafikirii bastola iliyo kiunoni mwa afisa.

Sasa tuseme makubaliano ya kusimamisha mapigano yameandikwa kwa Kiingereza, na kipengele kimoja kinasema maafisa wa upande unaojisalimisha watabaki na "side arms" zao. Mfasiri akiandika "maafisa watabaki na silaha zao ndogo ndogo", amewaruhusu watoke na AK-47. Upande wa pili utasoma hivyohivyo na utakuwa na haki ya kukasirika. Neno moja kwenye karatasi ya namna hiyo linaweza kurudisha watu msituni. Ndiyo maana silichukulii hili kama suala la ladha ya lugha.

Kosa la kinyume nalo lipo, ingawa ni nadra zaidi. Mkataba wa Kwanza wa Geneva wa 1949, katika kifungu cha 22, unaeleza kwamba kituo cha matibabu cha jeshi hakipotezi kinga yake eti kwa sababu kimekutwa na "small arms" na risasi zilizochukuliwa kwa majeruhi na wagonjwa, ambazo bado hazijakabidhiwa kwa wanaohusika. Hapo maana ni pamoja na raifo za majeruhi. Mfasiri anayedhani anarahisisha mambo kwa kuandika "bastola" atakuwa ameipunguza kinga ya hospitali.

Mtego mkali zaidi umo katika Itifaki ya Kwanza ya Nyongeza ya 1977. Kifungu cha 13 kinawaruhusu wahudumu wa kituo cha matibabu cha kiraia kuwa na silaha nyepesi za mtu binafsi kwa kujilinda wao na majeruhi walio chini ya uangalizi wao. Ukifupisha ukaandika "silaha nyepesi" peke yake, umeingia moja kwa moja kwenye lile fungu la pili la Umoja wa Mataifa, la mota na makombora ya kutungulia ndege, yaani kinyume kabisa cha kilichokusudiwa. Maneno "za mtu binafsi" yabaki hapo hata kama sentensi inarefuka.

Hati za kusalimu amri: upanga, bastola, au vyote viwili?

Hapa ndipo "side arms" lilipojengea jina, na hapa mfasiri wa historia anahitaji kutulia zaidi. Kwa karne nyingi jeshi lililoshindwa liliweka chini bunduki na mizinga yake, lakini maafisa wake waliweza kuachiwa silaha walizovaa. Katika vita vya uhuru wa Marekani, Jenerali Cornwallis wa Uingereza alipojisalimisha kwa Washington kule Yorktown, Virginia, tarehe 19 Oktoba 1781, kifungu cha 4 cha makubaliano kilisema maafisa watabaki na "side-arms" zao, na kwamba maafisa na askari wote watabaki na mali zao binafsi. Tarehe 9 Aprili 1865, katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, ndani ya nyumba ya McLean kwenye kijiji cha Appomattox Court House, Jenerali Grant wa Kaskazini naye aliandika masharti yake kwa Jenerali Lee wa Kusini: silaha, mizinga na mali ya umma vikabidhiwe, ila hilo halitagusa "side-arms" za maafisa, wala farasi wao binafsi, wala mizigo yao.

Zingatia neno hili lilivyokaa jirani na farasi na mizigo. Upanga wa afisa ulikuwa mali yake mwenyewe na alama ya hadhi yake. Kuachiwa upanga kulikuwa ni kuheshimiwa, kwa sababu vita vyenyewe vilikuwa vimekwisha na upanga haukuwa tishio tena. Grant mwenyewe alikanusha baadaye kisa kilichokuwa kimeenea kwamba Lee alimkabidhi upanga akarudishiwa. Alisema neno upanga au "side arms" halikutoka kinywani mwa yeyote kati yao mpaka yeye alipoliandika kwenye masharti. Kwake yeye upanga na "side arms" vilikwenda pamoja.

Weka tafsiri tatu za sentensi yake kando kwa kando:

"Hili halitahusu silaha ndogo ndogo za maafisa." Si sahihi, kwa sababu zilizotajwa juu.

"Hili halitahusu bastola za maafisa." Nusu tu ya ukweli. Afisa wa vita vile alivaa upanga upande mmoja na mara nyingi rivolva upande mwingine. Kuutupa upanga ni kuitupa ile heshima ambayo sentensi ilikusudia kuilinda.

"Hili halitamgusa afisa yeyote katika upanga wake na bastola yake ya kiunoni, wala farasi wake mwenyewe, wala mizigo yake." Hii ndiyo ninayoichagua, na umoja wake una sababu.

Sababu yenyewe ni ya sarufi yetu. Wingi wa "upanga" ni "panga", na "panga" kwa umoja ni kile chombo cha kufyekea, ambacho wingi wake ni "mapanga". Upatanisho ndio unaotenganisha: "panga zao" ni za maafisa wa gwaride, "mapanga yao" ni ya shambani. Lakini katika mazungumzo ya kila siku watu wengi wameshaacha kutofautisha, na msomaji akikutana na "maafisa watabaki na panga zao" anaweza kuona jeshi la watu waliokamata mapanga. Ukisema "kila afisa atabaki na upanga wake", utata umekwisha na sentensi imetulia. Kwa wafasiri wa historia ya kijeshi, huu ni mtindo wa kuushika.

Kwa Yorktown mambo ni tofauti kidogo. Mwaka 1781 bastola zilikuwa za risasi moja moja, na zile kubwa za wapanda farasi zilikaa kwenye mikoba iliyofungwa kwenye matandiko ya farasi, si mwilini mwa mtu. Silaha ya kiunoni ya afisa wa wakati ule kwanza kabisa ni upanga. Ningeandika "maafisa watabaki na silaha zao za kiunoni", kisha katika maelezo yangu nimwambie msomaji kwamba hapo tunazungumzia upanga.

Kwetu mfano uko karibu. Paul von Lettow-Vorbeck, kamanda wa jeshi la Wajerumani la Afrika Mashariki, alijisalimisha Abercorn, ambayo leo ni Mbala nchini Zambia, tarehe 25 Novemba 1918, wiki mbili baada ya vita kusimama Ulaya. Yeye na Wajerumani wenzake waliruhusiwa kubaki kwa muda na silaha zao binafsi, kwa kutambua jinsi walivyopigana. Askari wao Waafrika, zaidi ya elfu moja, waliweka chini bunduki, ambazo nyingi walikuwa wamewanyang'anya Waingereza na Wareno. Anayeandika tukio hili kwa Kiswahili asipotofautisha "silaha binafsi" za Wazungu na bunduki za askari, atakuwa ameifuta tofauti ambayo walioshuhudia siku ile waliiona kwa macho: waliobeba uzito wa vita waliondoka mikono mitupu.

Tena, anayesoma hati za Kijerumani za kipindi hicho ajihadhari na neno Seitengewehr. Limejengwa kama "side arm", lakini katika jeshi la Wajerumani lilikuwa limeshakuwa jina la kawaida la singe. Askari anayeamriwa kuchomeka Seitengewehr kwenye bunduki hachomeki bastola.

Desturi hii ya kuwaachia maafisa silaha haina nafasi tena katika sheria ya sasa. Mkataba wa Tatu wa Geneva wa 1949, kifungu cha 18, unamwachia mateka wa vita vitu vyake vya matumizi binafsi, hata kofia yake ya chuma na barakoa ya gesi, lakini silaha zimeondolewa kwa kutajwa. Kwa hiyo ukikuta hati ya karne ya 18 au 19 inawaachia maafisa "side arms", isome kwa macho ya wakati wake.

Habari za polisi: bastola inatosha

Tukija kwenye habari za leo, kazi inakuwa nyepesi. Gazeti la Marekani likiandika kwamba askari wa doria alichomoa "sidearm", ni bastola. Andika "alichomoa bastola yake". Hapa "silaha ya kiunoni" ni maneno mengi bila faida. Likisema mlinzi hakuwa na kitu ila "sidearm", basi "mlinzi alikuwa na bastola tu". Kama ni ile aliyopewa na mwajiri, "bastola ya kazini".

Tofauti ndogo ya kuangalia ni ile kati ya "sidearm" na "handgun". Zote mbili kwa kawaida zinaangukia "bastola", lakini "handgun" ni suala la umbo: bunduki fupi inayofyatuliwa kwa mkono. "Sidearm" ni suala la kubebwa. Bastola iliyofungiwa kabatini ni "handgun" lakini si "sidearm" ya mtu yeyote kwa saa hiyo. Ndiyo maana sheria za umiliki hupendelea lile la umbo. Uingereza ilipopiga marufuku raia kumiliki karibu bastola zote mwaka 1997, baada ya mauaji ya watoto 16 na mwalimu wao shuleni Dunblane, Scotland, tarehe 13 Machi 1996, neno lililotawala mjadala lilikuwa "handgun". Yakitokea yote mawili katika habari moja, "bastola" na "bastola aliyokuwa nayo kiunoni" yatakutoa kwenye shida.

"Firearm" ni pana kuliko yote hayo: bastola, raifo, shotigani, gobori, chochote kinachotoa risasi kwa nguvu ya baruti. Hapo "silaha ya moto" ndiyo tafsiri ninayoipendelea kwenye maandishi ya kisheria, kama unafasiri Sura ya 114 ya Sheria za Kenya au ile sheria ya Tanzania ya mwaka 2015 ya kudhibiti silaha na risasi. "Silaha" peke yake haitoshi. Mahakamani Tanzania mtu hushtakiwa kwa unyang'anyi wa kutumia silaha hata kama alishika panga. Na "bunduki" nayo ina shida yake: polisi wakitangaza wamekamata "bunduki mbili na bastola moja", wameshaitoa bastola kwenye kundi la bunduki.

Kuna jambo moja la kwetu la kulitazama kwa karibu. Katika taarifa nyingi za polisi Tanzania, bunduki ya aina ya AK-47 huitwa "SMG". Herufi hizo kwa Kiingereza ni za bunduki fupi ya rashasha inayotumia risasi za bastola, na AK-47 ni raifo ya kivita. Msomaji wa Tanzania anajua kinachosemwa, kwa hiyo sisemi neno hilo liondolewe mitaani. Lakini ukifasiri taarifa hiyo kwenda Kiingereza ukaiacha SMG kama ilivyo, msomaji wa nje atafikiria silaha nyingine, na ukirudi kutoka Kiingereza kuja Kiswahili unaweza kulirudisha kosa bila kujua. Andika "AK-47" pale ambapo una uhakika ndiyo yenyewe.

Jambo jingine ni mazingira. Marekani askari wa doria anayeonekana barabarani ana bastola kiunoni, na hiyo ndiyo silaha yake ya kila siku. Kwetu askari wa sare anayelinda benki au barabara kuu mara nyingi ameshika raifo, na bastola tumeizoea zaidi kwa askari kanzu na wakubwa wa vyeo. Ukifasiri habari ya Chicago ukaandika "askari alifyatua bunduki yake", msomaji wa Dodoma au Nakuru atajichorea raifo begani. "Bastola" inamweka sawa mara moja. Mitaani bastola ina majina mengine, "mguu wa kuku" likiwa mojawapo, na katika mazungumzo ya filamu ya wahuni linaweza kukaa vizuri sana. Kwenye habari, hapana.

Filamu na michezo ya kompyuta: je, ni silaha ya akiba?

Wanaotengeneza manukuu na wanaotafsiri michezo ya kompyuta wana tatizo la kipekee. Huko "sidearm" hutumika kwa maana ya silaha ya pili, ile unayoikimbilia raifo ikiishiwa risasi. Ndipo wengine wakaandika "silaha ya akiba", na kwa mchezaji ni chaguo zuri: linamweleza kazi ya kile kitufe.

Kwa mwanajeshi wa miguu nalo linakaa. Marekani iliipokea bastola ya Colt mwaka 1911, ikaitumia mpaka Beretta ilipoichukulia nafasi mwaka 1985, na mwaka 2017 ikachagua ile ya SIG Sauer. Uingereza ilihamia Glock 17 mwaka 2013. Kwa askari mwenye raifo, zote hizo ni za akiba.

Lakini lisivuke hapo. Rubani wa ndege za kivita anayebeba bastola peke yake hana akiba. Hiyo ndiyo silaha yake. Askari wa doria vivyo hivyo. Ukiandika katika manukuu kwamba mpelelezi "alichomoa silaha ya akiba", mtazamaji ataitafuta ile ya kwanza iko wapi. Tena Kiingereza kina maneno yake mengine kwa bastola ya pili inayofichwa kifundoni, na hiyo ndiyo "bastola ya akiba" ya kweli. Usiitumie tafsiri hiyo mapema ukaikosa utakapoihitaji.

Filamu za enzi za kale zinataka kutajwa kwa jina. Mpiganaji wa zama za kati Ulaya alishika mkuki na upanga ukawa kiunoni. Sisi mfano tunao bila kwenda mbali: morani wa Kimaasai mkuki wake uko mkononi, na sime yake iko kiunoni ndani ya ala ya ngozi. Sime ndiyo "side arm" yake, na hakuna mhariri mwenye akili timamu atakayekubali uiite kwa jina lingine.

"Pembeni", "ubavuni" au "kiunoni"?

Baki sasa na pale usipoijua silaha: mwandishi wa Kiingereza amesema tu "side arms", na hapana dalili ya kukuonyesha kama ni upanga, kisu au bastola. Au amekusudia zote kwa pamoja. Hapo unahitaji neno la jumla.

"Silaha ya pembeni" ndilo wengi hulikimbilia, kwa sababu linafuata Kiingereza neno kwa neno. Silipendi kwa sababu mbili. Kwanza, kitu kilichowekwa pembeni kwetu ni kilichoachwa kando, hakitumiki kwa sasa. "Aliweka silaha pembeni" maana yake ameacha kupigana. Pili, si kweli kwamba silaha hizi zote hukaa pembeni. Jambia la Oman, lile lililomo kwenye bendera ya nchi hiyo juu ya panga mbili zilizopishana, huvaliwa mbele, katikati ya mkanda. Watu wa Zanzibar, Mombasa na Lamu wamekuwa wakiliona hivyo kwa vizazi na vizazi. Mwambie mzee wa Unguja kwamba jambia ni silaha ya pembeni, naye atakuuliza ni pembeni gani.

"Silaha ya ubavuni" ina nafuu, kwani angalau inabaki mwilini. Lakini ubavu uko juu ya mkanda, karibu na kwapa, na msomaji huwaza mbavu. Ingefaa kwa bastola inayovaliwa chini ya koti, ingawa hiyo nayo naona ni wazi zaidi kuiita "bastola ya kwapani".

"Silaha ya kiunoni" ndiyo ninayoiteua. Kiunoni ndipo Mswahili anapojifunga shuka, mkanda na upanga, kwa hiyo kitenzi cha kwenda nalo kiko tayari. Linachukua upanga, jambia, sime, singe na bastola bila kumnyima hata mmoja. Linakubali wingi bila utata: silaha za kiunoni. Lina upungufu mmoja, kwamba bastola nyingi za jeshi siku hizi hufungwa pajani au kifuani. Sioni kama hilo linaliharibu, maana hata Kiingereza hakijaacha kusema "side" kwa bastola iliyo kifuani. Pale ambapo mahali penyewe pana uzito katika habari, sema tu "bastola iliyofungwa pajani".

Kanuni za mavazi ya kijeshi ni mfano mzuri wa neno hili likifanya kazi yake. Afisa huambiwa ahudhurie hafla fulani na "side arms" au bila. Katika gwaride la Siku ya Jamhuri mjini Nairobi, au lile la 9 Desemba Tanzania, utawaona maafisa wenye panga na askari wenye bunduki zilizochomekwa singe. Ukifasiri kanuni yenyewe, ambayo inamhusu kila mtu wa kila cheo, "bila silaha za kiunoni" inatosha. Ukieleza gwaride kwa msomaji, taja upanga.

Yamebaki matumizi mawili ambayo hayahusiani na kiuno kabisa. Katika besiboli, "sidearm" ni namna ya kurusha mpira mkono ukipita usawa wa ubavu, si juu ya bega. Sema "kurusha kwa mkono wa ubavuni" na mpenzi wa michezo atakuelewa. Na ukikutana na Sidearm yenye herufi kubwa katika habari za silaha za Marekani, huenda ni AGM-122, kombora la kushambulia rada lililotengenezwa kutokana na Sidewinder, kombora la kutungulia ndege. Hilo ni jina, liache kama lilivyo.